Rangi Izimwayo na Hewa: Kwa Nini Twaunda Istilahi za Vitu Tusivyovielewa?

Swali la iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi limejadiliwa katika majarida yetu mpaka limechakaa. Walio upande mmoja husema hakiwezi. Walio upande wa pili, ambao ndio sisi, hujibu kwamba kinaweza, kisha hutoa orodha ya istilahi kama ushahidi. Nami nimekuwa miongoni mwa waundaji wa orodha hizo. Makala haya hayadhamirii kuwashutumu wenzangu. Yanadhamiria kusimulia jinsi istilahi moja niliyoiunda kwa mkono wangu ilivyoniaibisha mbele ya baba yangu mzazi, na kwa nini naamini kwamba aibu ile si yangu peke yangu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mdogo wangu, ambaye ni mwanafunzi wa uhandisi wa ndege, alirejea nyumbani Nakuru na picha aliyoichapisha kutoka kwenye kompyuta. Ilionyesha mfano wa ndege uliotundikwa ndani ya chumba chenye giza, umepakwa rangi inayowaka kwa wekundu wa waridi, sehemu nyingine ikiwa angavu na nyingine imefifia. Baba aliitazama kwa muda mrefu. Amepiga rangi magari kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika maisha yake hakuna picha ya rangi aliyowahi kuipita bila kuuliza. Mdogo wangu akaanza kueleza. Kila sentensi aliyoianza kwa Kiswahili iliishia kwa Kiingereza. Hatimaye Baba akanigeukia: "Wewe ndiye msomi wa Kiswahili. Hebu nieleze."

Nilijibu bila kusita. "Hiyo, Baba, ni rangi hisishinikizo."

Istilahi hiyo nilikuwa nimeiunda miezi michache kabla, kwa ajili ya orodha ya maneno 140 ya usafiri wa anga niliyoiwasilisha katika semina. Nilichukua kitenzi "hisi", nikakiambatisha na nomino "shinikizo", nikaandika tanbihi kuhusu mbinu ya uambatanishaji, na wenzangu wakapiga makofi. Baba hakupiga makofi. Alisema: "Hilo ni jina lake. Mimi nimeuliza inafanya nini."

Sikujua. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alitafakari. Nilikuwa nimekipa jina kitu nisichokijua, nikatetea jina hilo mbele ya wasomi kwa dakika ishirini, na hapana hata mmoja aliyeniuliza kile alichoniuliza fundi wa rangi. Januari nilipopanda ngazi za maktaba kwenda ghorofa ya kemia na uhandisi, mahali ambapo sisi wa fasihi hatukanyagi, nilikwenda nikiwa na swali la Baba. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Nianze na ubawa wenyewe. Ndege aina ya Boeing 747-400, ikiwa imejaa, huruka na uzito wa takriban tani 397, na mabawa yake yana eneo la mita za mraba 525 hivi. Gawanya. Utaona kwamba kila mita moja ya mraba ya ubawa hubeba kilo 750 na ushei. Hakuna nguzo wala kamba inayoushikilia mzigo huo. Kinachoushikilia ni hewa: iliyo chini ya ubawa husukuma juu kwa nguvu kuliko iliyo juu inavyosukuma chini. Ukiugeuza uzito huo kuwa paskali utapata 7,400 hivi, ilhali hewa inayotuzunguka, tukiwa usawa wa bahari, hutusukuma sote kwa paskali 101,325. Kwa maneno mengine, jitu lile la tani mamia linaning'inia angani kwa tofauti ya asilimia saba tu.

Hapa nilijikuta nikiliomba msamaha neno moja. Kwa miaka mingi nimelidharau neno "kanieneo" na kuliona kuwa zao la maabara ya wanaistilahi, lisilo na ladha, nikapendelea "shinikizo" ambalo lina damu na nyama. Lakini "shinikizo" siku hizi limeelemewa. Lina makundi ya shinikizo, lina shinikizo la damu, lina shinikizo la wazazi juu ya wana wao waoe. "Mgandamizo" nalo humpeleka msikilizaji kwenye kitu kinachobanwa mpaka kikapungua. "Kanieneo" husema jambo moja tu: kani juu ya eneo. Nilipomfanyia Baba hesabu ile ya kilo kwa mita ya mraba, nilikuwa nimekwisha kulifafanua neno kabla sijalitaja, na nilipolitaja alilipokea bila kukunja uso. Ubaya wa neno lile haukuwa katika neno. Ulikuwa katika desturi yetu ya kulitoa likiwa uchi.

Mabaharia wa mwambao, kwa njia, wasingehitaji hesabu yangu. Tanga la jahazi linapokwenda joshi, yaani linapoukaribia upepo badala ya kuusubiri nyuma, ni ubawa uliosimamishwa wima. Upepo hupita pande zake mbili kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo huvuta chombo. Nalitaja hili kwa kupita tu. Sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaodai kwamba kila kitu kilichovumbuliwa ughaibuni kilikuwako Lamu tangu zama.

Sasa, asilimia saba ile ni wastani. Ubawa haulemewi sawasawa. Karibu na ukingo wa mbele, kwa juu, kanieneo huporomoka ghafla. Kwenye ukingo wenyewe, mahali hewa inapokigonga chuma na kusimama, hupanda. Ndege inapokaribia mwendo wa sauti, mawimbi ya mshtuko hujitokeza mgongoni mwa ubawa, na kanieneo huruka kutoka chini hadi juu katika upana usiozidi ukucha. Mhandisi hatosheki na wastani, kwa kuwa ubawa hautikisiki wala kuvunjika kwa wastani. Huvunjika mahali fulani. Anataka kujua kila mahali.

Kwa miongo mingi njia ya kujua ilikuwa moja: kutoboa. Mfano mdogo wa ndege huundwa kwa chuma, kisha hutobolewa vitundu vyenye upana usiofika milimita moja, na kila kitundu hupewa mrija wake unaopitia tumboni mwa mfano hadi kwenye kipimio. Mfano huwekwa katika handaki la upepo. (Jina hili, "handaki", bado halinikai vizuri, maana humfanya mtu afikirie vita, lakini sijapata jingine.) Vitundu mamia hugharimu fedha nyingi. Ukingo wa nyuma wa ubawa ni mwembamba kama kisu, haukubali mrija. Na kati ya kitundu na kitundu mhandisi hukisia. Iwapo wimbi la mshtuko limetua baina ya vitundu viwili, yamkini hataliona.

Rangi iliyokuwa katika picha ya mdogo wangu hufanya kila nukta ya ubawa kuwa kitundu.

Utendaji wake ni huu. Ndani ya rangi mna molekuli ambazo, zikimulikwa kwa taa ya buluu au ya urujuani usioonekana kwa macho, hunyakua nguvu ya mwanga huo na kuchangamka. Molekuli iliyochangamka haiwezi kudumu hivyo; sharti itue. Inayo njia mbili. Ya kwanza ni kuitoa nguvu ile kwa sura ya mwanga mwekundu, na huo ndio wekundu tuuonao pichani. Ya pili ni kugongwa na molekuli ya oksijeni iliyopenya ndani ya rangi, ikaikabidhi nguvu ile na kutua kimya, bila kutoa mwanga wowote. Oksijeni ikiwa nyingi, zinazotua kimya huwa nyingi, na rangi hufifia. Ikiwa chache, rangi hung'aa. Kwa vile oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa popote hewa ilipo, palipo na kanieneo kubwa pana oksijeni nyingi kwenye ngozi ya ubawa, na palipo na kanieneo ndogo pana oksijeni chache. Basi mgongo wa ubawa, unaonyonywa juu, hung'aa. Tumbo lake hufifia. Na wimbi la mshtuko huonekana kama mstari uliochorwa kwa rula, huku kweupe, huku giza. Kamera hupiga picha, na kompyuta hugeuza mwangaza kuwa paskali.

Molekuli zinazotumika zaidi ni za jamii ya porfirini, zilizobebeshwa chembe moja ya platinamu katikati. Porfirini hatuzijui kwa jina lakini tunaishi nazo. Wekundu wa damu umetokana na pete ya jamii hiyo iliyobeba chuma, na ukijani wa majani umetokana na pete ya ukoo uo huo iliyobeba magnesi. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini nikatazama dirishani. Mshairi gani wetu angeiacha sitiari hiyo ipite?

Lakini sitiari ndizo zilizonitia matatani, na hapa naomba nikawie kidogo. Nilipokuwa bado sijaelewa, nilifikiria kuiita "rangi kimulimuli". Lilikuwa jina zuri. Lina mwanga, lina usiku, lina utoto wetu sote. Kisha nikagundua kwamba kimulimuli huwaka kwa msaada wa oksijeni, ilhali rangi hii huzimwa na oksijeni. Jina zuri lingemfundisha mwanafunzi kinyume cha ukweli. Vivyo hivyo kwa moto: kila mtoto aliyewahi kupepea jiko la makaa anajua kwamba hewa huwasha. Katika rangi hii hewa huzima. Kiingereza kina neno lake maalumu kwa kuzima huku, nami katika orodha yangu nilikuwa nimeliundia kisawe cha silabi sita ambacho sasa naona haya kukiandika. "Kuzima" linatosha. Twazima taa, twazima moto, hata simu twaizima. Mshangao wa kwamba anayezima ni hewa yenyewe humfanya msikilizaji akumbuke. Hauhitaji kufichwa nyuma ya istilahi.

Na "hisishinikizo" je? Hapa ndipo kosa langu lilipo wazi. Rangi hii haihisi shinikizo hata kidogo. Inahisi oksijeni. Ijaze chumba nitrojeni tupu, uikandamize upendavyo, rangi haitashtuka. Haya si maneno ya mezani. Yapo mahandaki ya upepo, kama lile la Köln huko Ujerumani na lile la Langley katika jimbo la Virginia, yanayotumia nitrojeni iliyopozwa mno badala ya hewa ya kawaida. Ili rangi ifanye kazi humo, watafiti hulazimika kutia oksijeni kidogo kwa makusudi. Jina la Kiingereza, linalosema kwamba rangi yahisi kanieneo, ni jina la mkato lililotolewa na watu waliojua kwamba ni mkato. Mimi nililitafsiri neno kwa neno, nikaubeba mkato wao nikidhani ni ukweli.

Msomaji mwenye hoja atanipinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba majina mengi si ya kweli na bado yanafanya kazi. Ndege ya chuma si ndege. Wajapani, ambao ni miongoni mwa mabingwa wa rangi hii, nao huiita kwa lugha yao rangi ihisiyo kanieneo, na hakuna kilichoharibika. Nakubali. Ila aliyeiita eropleni "ndege" aliiona ikipita juu ya kichwa chake, alijua anafananisha. Wajapani nao huiunda rangi yenyewe, huipuliza, huipima, kisha ndipo huipa jina. Tofauti yangu nao haiko katika umbo la neno. Iko katika kwamba wao wangeweza kumjibu Baba.

Historia ya rangi hii ina funzo jingine linalotuhusu sisi wa lugha. Tabia ya oksijeni kuzima mng'ao ilichunguzwa na Mjerumani Hans Kautsky katika miaka ya 1930. Mnamo 1980 Wamarekani wawili, Peterson na Fitzgerald, walionyesha kwamba yaweza kutumiwa kuonyesha mkondo wa hewa juu ya uso wa kitu. Baada ya hapo mambo yalikwenda katika njia mbili zisizojuana. Katika Muungano wa Kisovieti, watafiti wa TsAGI, taasisi ya elimu ya mwendo wa hewa iliyoasisiwa mjini Moscow mwaka 1918, waliifanyia kazi katika miaka ya 1980 na kuandika matokeo yao kwa Kirusi. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, mwanakemia Martin Gouterman, aliyekuwa amezisoma porfirini kwa muda mrefu, alishirikiana na mwenzake James Callis kuiunda upya bila kujua ya Warusi. Hakuna aliyewauliza Warusi iwapo lugha yao inaweza kubeba jambo hilo. Walilibeba tu. Waliandika aya, si orodha.

Miongoni mwa wanafunzi wa Seattle alikuwamo Janet Kavandi, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Boeing huku akisomea uzamifu wa kemia. Tasnifu yake ya mwaka 1990 ilihusu rangi hii hii: porfirini zinazozimwa na oksijeni na jinsi zinavyoweza kuchora ramani ya kanieneo juu ya mfano wa ndege. Baadaye alichaguliwa kuwa mwanaanga, akaruka mara tatu, 1998, 2000 na 2001. Safari ya mwaka 2000 ndiyo iliyopima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, Bonde la Ufa likiwamo. Mwaka ule ule wa 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Kamusi ile ilikuwa kazi kubwa, nami naiheshimu. Lakini tangu wakati huo sisi tuliorithi kazi hiyo tumeendelea kuongeza maneno kamusini, na ni wachache mno walioandika kurasa kumi za Kiswahili ambamo maneno hayo yanatumika kueleza kitu kimoja mpaka kikaeleweka.

Nilirudi Nakuru wakati wa Pasaka. Nilimweleza Baba kama nilivyoeleza hapa, tukiwa tumeketi nje ya karakana yake, na mdogo wangu akisikiliza ili anisahihishe. Alinisahihisha mara mbili. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali matatu, na natamani jopo lolote la kutahini tasnifu lingeuliza kama yeye.

La kwanza: "Hakuna fundi anayepuliza rangi ikalingana kila mahali. Palipo nene patang'aa zaidi hata kama hakuna upepo. Watajuaje?" Hilo ndilo tatizo lililowasumbua wenye kazi hiyo tangu mwanzo, na jibu lao ni kupiga picha mbili: moja upepo ukiwa umezimwa, nyingine ukivuma, kisha kuigawa moja kwa nyingine, nukta kwa nukta. Unene wa rangi na ukali wa taa umo katika picha zote mbili, kwa hivyo hujifuta. Kinachobaki ni kilicholetwa na upepo. Kwa kuwa mfano husogea kidogo upepo unapoupiga, hutiwa alama nyeusi ndogo ndogo ili kompyuta iweze kuzilaza picha hizo moja juu ya nyingine. Baba akasema kwamba ni kama anavyolinganisha mlango mpya na ubavu wa gari chini ya jua lile lile. Huwezi kuulinganisha mmoja asubuhi na mwingine jioni.

La pili lilihusu msasa. Nilimwambia kwamba chini ya rangi hiyo hupulizwa rangi nyeupe ya kurudisha mwanga, na kwamba vyote viwili pamoja haviruhusiwi kufikia unene wa sehemu ya kumi ya milimita, na hulainishwa kwa msasa, kwani uso ukiwa na mikwaruzo hewa itaenda njia nyingine na utakuwa umepima rangi badala ya ubawa. Alicheka. Alisema amewafukuza wanagenzi kwa kosa hilo.

La tatu liliniacha kimya tena, safari hii kwa heshima. "Na likipata joto?" Rangi nyingi za aina hii hupunguza mng'ao kwa kadiri ya asilimia 1 kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka. Kwa ndege ya mwendo wa kasi hilo huweza kurekebishwa kwa kupima joto kwa rangi ya pili. Lakini chukua matatu iendayo kilomita 80 kwa saa: kanieneo inayotokana na upepo wake ni paskali 300 hivi, yaani asilimia 0.3 ya kanieneo ya hewa. Theluthi moja ya digrii ya joto inatosha kuifunika kabisa. Ndiyo maana rangi hii, inayosoma mabawa ya ndege kwa ufasaha, hupata taabu kuyasoma magari ambayo Baba huyapiga rangi. Tena haijitoshelezi. Vitundu vichache hutobolewa hata leo ili kuisahihisha. Hata hivyo imesonga mbele: katika kituo cha NASA cha Ames, kule California, watafiti wamezitumia rangi zinazojibu upesi pamoja na kamera zipigazo maelfu ya picha kwa sekunde, wakafuatilia mtikisiko wa kanieneo juu ya mifano ya roketi, jambo ambalo hapo awali halikuwezekana kuonekana kwa uso mzima.

Sasa nirudi kwenye idara zetu. Nilipopeleka pendekezo la tasnifu ya uzamili linalohusu nathari ya maelezo ya kisayansi katika Kiswahili, yaani jinsi mwandishi anavyomwongoza msomaji kutoka asichokijua hadi anachokijua, niliulizwa na jopo: "Fasihi iko wapi hapa?" Swali halikuwa la kejeli, na sitalijibu kwa kejeli. Tumezoea kugawa fasihi andishi katika tanzu tatu, riwaya, tamthilia na ushairi, pamoja na hadithi fupi ikikaribishwa mlangoni. Chochote kingine tunawaachia wa isimu. Wa isimu nao huchukua maneno na kuacha sentensi. Matokeo yake ni kwamba aya inayoeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi haina mwenyewe katika idara nzima. Hakuna anayeifundisha, hakuna anayeihakiki, na asipokuwapo mhakiki mwandishi naye huchoka. Ilhali maswali ya aya hiyo ni maswali yetu kabisa: nani anasimulia, anajua nini, anakificha nini mpaka lini, sitiari yake inamulika au inapotosha? Suala la kimulimuli lililonisumbua lilikuwa suala la uhakiki. Mwanaisimu asingelitatua kwa kuangalia mofolojia ya neno, na mhandisi asingeliona kabisa.

Sisemi tuache kuunda istilahi. Nasema istilahi ije mwisho, baada ya mtu kuandika maelezo kamili na kuona ni wapi pameachwa pengo ambalo maneno tuliyo nayo hayalizibi. Katika maelezo haya ya rangi nimehitaji maneno manne au matano tu ya kitaalamu. Mengine yote, kuzima, kuchangamka, kutua, kukabidhi, kupenya, yalikuwa nyumbani yakisubiri kuitwa. Wapo watakaoona kwamba mwendo huu ni wa polepole mno kwa lugha ambayo Katiba ya 2010 imeipa hadhi ya kuwa lugha rasmi na ambayo inatakiwa ijaze ofisi na madarasa upesi. Upesi tumeujaribu. Tumepata vitabu vyenye faharasa ndefu ambazo hata waliozitunga hawawezi kuzisoma kwa sauti bila kutabasamu.

Pendekezo langu nimeliandika upya na kulirudisha. Bado nasubiri jibu. Ile orodha ya maneno 140 nimeipitia tena, neno baada ya neno, nikijiuliza iwapo naweza kueleza kila kitu kilichotajwa mle kwa mtu aliyeketi nje ya karakana na chai mkononi. Nimebakiza 31. "Hisishinikizo" halimo. Mdogo wangu amezoea kuiita "rangi-oksijeni", jina ambalo ni sahihi ila halinivutii. Baba huiita "rangi ya kuzimika", na ameibandika ile picha ukutani juu ya makopo yake, mahali ambapo wateja huiulizia.